Moto wa Bruda

Wiki iliyopita nilikabidhi patasi zangu. Nimebaki na moja tu, ile nyembamba yenye mpini wa mpingo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yenu anayejua kuinoa bila kuiharibu. Msiseme nimeiiba. Nimeiokoa.

Padre ameniomba niandike machache juu ya kazi yangu katika karakana hii ya misheni, ili ninyi mnaobaki mpate la kujifunza. Amenipa daftari, akanishauri nianze na neema za Mungu. Neema ni nyingi, lakini mimi nitaanza na moto. Ninyi mna msemo wenu. Mtu akiacha ubao karibu na jiko ukapinda, au akichemsha gundi mpaka ikaungua, mnamwambia, "Huo ni moto wa Bruda." Mnacheka, kazi inaendelea. Msemo huo nimeusikia tangu wengi wenu hamjazaliwa, na kila nilipousikia nilinyamaza. Sasa nataka kueleza ulikotoka.

Nilikuja hapa enzi za Wadachi, reli ikiwa bado haijafika Morogoro. Kwetu ni upande wa Mlali, chini ya milima, na kwa kuwa sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, aliyenileta hakuwa baba bali mjomba wangu Kobelo. Mjomba alikuwa mpiga ngoma anayeitwa mbali. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikimwoteshea ngoma zake: unawasha moto wa majani makavu, unaielekeza ngozi kwenye joto, unaipiga kwa kidole, unasikiliza. Ikilia ngumu kama mlango unaobishwa, iko tayari. Mjomba alikuwa na neno lake: ngoma isiyoota moto ni kinu. Nilijua kazi hiyo kabla sijajua kushika msumeno, na niliijua vizuri. Kumbukeni hilo.

Fundi mkuu wa karakana alikuwa Bruda Anselmi, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa na Kiswahili cha kukatakata. Siku ya kwanza alinipa randa na ubao wa mninga, akasema, "Laini." Nikaranda mpaka kengele ya mchana. Akauinua ubao, akautazama kwa jicho moja, akasema, "Tena." Siku ya pili ilikuwa tena. Siku ya tatu ubao ukaisha. Nilibaki nimeshika kitu chembamba kama jani la mgomba, nikangoja kufukuzwa. Bruda akakitazama na kusema, "Sasa unajua randa. Kesho tutatengeneza meza." Ninyi wa siku hizi mnataka kutengeneza kabati wiki ya kwanza, na makabati yenu yanajulikana yalipo kwa jinsi milango yake inavyojifungua yenyewe.

Gundi alinifundisha kwa miezi. Wakati huo tulipika gundi ya ngozi ya ng'ombe, chungu ndani ya chungu, maji ya nje yakiwa ya moto lakini yasichemke. "Ikichemka imekufa," alisema. Gundi hiyo hushika miaka mia, lakini ina maadui wawili, unyevu na joto. Ikipata unyevu hulegea. Ikipata unyevu halafu joto huachia kabisa. Haya alinieleza mara nyingi, na mimi niliitika mara nyingi. Kuitika si kusikia.

Kabla ya kuwa mtawa, Bruda alikuwa fundi wa fidla, kazi ya baba yake na babu yake. Habari hiyo ilikuwa siri ndogo ya karakana mpaka reli ilipofika. Treni ilileta Wazungu, na Wazungu walileta vyombo vya muziki, na masika ya Morogoro yalivifungua vyote kimoja kimoja kama mtu anayemenya ndizi. Basi wakawa wanapanda mlima kumtafuta Bruda. Tuligundisha fidla za watu wa stesheni, tukatoa kiota cha panya katika kinanda cha kanisa, tukamrudishia daktari mmoja zumari yake iliyopasuka. Bruda alifanya kazi hizo akiimba kwa pua. Nadhani hakuna alichokipenda zaidi, ukiacha Mungu, na hata hapo sikuwa na hakika kila siku.

Ng'ambo ya mto Ngerengere kulikuwa na shamba la mkonge la Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Taratibu. Jina hilo alilipata kwa sababu hakupaza sauti hata siku moja. Alisema "hamsa wa ishirini" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na mfanyakazi akalazwa, akapigwa viboko ishirini na vitano. Nilimwona mmoja baada ya hapo. Alikula chakula amesimama kwa siku nyingi. Bwana huyu alikuwa na sello, yaani fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti ya mpigaji, na aliipiga, lazima niseme kweli, vizuri sana.

Masika moja Bwana Taratibu aliamua kufanya tamasha nyumbani kwake. Si bendi ya kutembea barabarani, bali watu saba wakikaa pamoja na kupiga kwa utulivu: fidla mbili, fidla nene, sello, na vya kupuliza vitatu. Wa nyuzi walikuwa Wazungu wa wilayani. Wa kupuliza walikuwa askari weusi wa bendi, waliofundishwa Darisalama kusoma muziki kwenye karatasi, na walikuja kwa treni na vyombo vyao. Mmoja alipuliza baragumu la shaba. Wa pili alipuliza fagoti, chombo kirefu cha mbao kama mchi uliokunjwa. Wa tatu alikuwa na klarineti, zumari nyeusi yenye funguo za fedha. Huyo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, jina lake Maganga.

Sello nayo ilitoka Darisalama kwa treni hiyohiyo, ilikokuwa imepelekwa kubadilishwa nyuzi. Mvua ilinyesha njia nzima. Maganga ndiye aliyeambiwa aibebe kutoka stesheni, na alipofika, sanduku lilikuwa linatiririka maji.

Mimi na Bruda tulikuwa tumeshuka mlimani tangu jana yake kutengeneza jukwaa na vishikio vya karatasi za muziki. Nilikuwa na miezi minne tu tangu kufunga ndoa na Magdalena. Maganga alinitambua kwa lafudhi kabla sijamaliza salamu.

"Kumbe Mluguru," akasema. "Na mimi nilidhani nyani wa milimani hawashuki wakati wa mvua."

"Tumeshuka kuwapokea wachukuzi wetu," nikamjibu. "Mizigo ya babu zetu mliileta salama?"

Ndivyo wanavyoamkiana watani. Mnyamwezi na Mluguru wanaweza kutukanana kutwa nzima na hakuna wa kukasirika, wala hakuna wa kuamini neno la mwenzake. Hilo nalo likumbukeni.

Bruda alifungua sanduku, akaitoa sello, akavuta uzi mmoja kwa kidole. Sauti ilitoka nzito, imelala. Akapapasa pembeni, kwenye maungio, akatikisa kichwa.

"Ina maji," akaniambia. "Iache hapa barazani, wazi. Ipate hewa. Usifanye kitu kingine." Halafu Bwana Taratibu akamwita ndani kwa chakula cha mchana.

Nikabaki na sello iliyolala. Tamasha ni kesho saa kumi alasiri, mvua bado inanyesha, hewa yenyewe ni maji. Nikafikiri: Bruda anajua mbao, lakini sauti iliyolala naijua mimi. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la jiko, kulikuwa na makaa mazuri, yametulia. Nikaibeba sello mpaka pale. Nikaielekeza uso kwenye joto kama nilivyofundishwa na mjomba, nikawa naigonga kwa kidole na kusikiliza.

Maganga alikuwa amekaa karibu, anafuta klarineti yake kwa kitambaa. Akainua kichwa.

"Wee Mluguru, hiyo si ngoma ya mjomba wako. Itakufia."

"Beba mizigo, mchukuzi," nikasema. "Ya sauti tuachie wenyewe."

"Nakwambia kweli."

"Na mimi nakwambia kweli."

Akacheka, na mimi nikacheka. Nikaisogeza sello karibu kidogo na makaa.

Sauti ilianza kupanda. Nilifurahi, ndiyo ajabu yake. Niliisikia inakaza na nikajiona fundi. Kisha ikatoka sauti nyingine, kavu, fupi, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Halafu nyingine. Ubao wa mbele uliachia mbavu zake, zile mbao za pembeni, upande mmoja, kutoka kiunoni mpaka chini, na vanishi ikavimba malengelenge. Vidole vyangu vinne vingeweza kuingia kwenye ule mwanya. Nilichoona mbele yangu ni yule mtu anayekula amesimama.

Maganga hakufanya utani. Aliichukua sello mikononi mwangu, akaiondoa motoni, akaenda kumwita Bruda mlangoni kwa sauti ya chini.

Bruda alikuja, akatazama sello, akatazama makaa, akanitazama mimi. Niliomba anipige. Alivua tu vazi lake la juu, akakunja mikono ya shati na kusema, "Lete gundi."

Tukaipasha gundi kwenye makaa yaleyale, kwa kuwa hapakuwa na mengine. Vibano tulikuwa navyo vinne na tulihitaji ishirini. Bruda akaomba shuka ya marekani kwa mpishi, tukaichana mikanda, na Maganga akashika sello magotini huku sisi tukiipaka gundi na kuizungushia mikanda, tunakaza kwa kabari za mbao nilizozichonga hapohapo. Kabari tatu za kwanza nilizichonga vibaya nikazitupa. Ya nne ikakaa. Kazi ina huruma hiyo: ukiishika, nayo hukushika. Tulipomaliza, sello ilikuwa imefungwa kama mtu aliyevunjika mbavu, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Taratibu akatokea. Akagusa yale malengelenge ya vanishi kwa kidole, akanusa kidole.

"Nani ameiweka motoni?" akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya kuomba chumvi.

Macho yake yalimwendea Maganga kwanza, kwa sababu ndiye aliyeibeba. Maganga akasimama wima, mikono mapajani, kimya. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Ila hakuna kilichotoka, na sitawadanganya kwamba nilikuwa karibu kusema. Niliogopa, basi.

"Mimi," akasema Bruda.

Bwana Taratibu akageuka. "Wewe?"

"Mimi. Nilitaka ikauke haraka. Kosa langu."

Wakaendelea kwa Kidachi, na sikuelewa isipokuwa uso wa Bruda uliokuwa unazidi kuwa mwekundu. Mwisho Bwana Taratibu akacheka kidogo, akamgonga begani kama mtu anavyomgonga punda, akaondoka. Bruda akanawa gundi mikononi. Nilimsogelea, na kabla sijasema neno akasema, "Mimi hawatanichapa." Hakuongeza kitu, siku hiyo wala baadaye.

Kesho yake saa nane tulifungua mikanda. Ungio lilikuwa limeshika. Bruda akapangusa gundi iliyojitokeza, lakini tone moja, chini ya kiuno cha sello, alilikosa au aliliacha. Saa kumi wageni walikaa barazani kwenye viti, sisi tukasimama nje ya ukingo, wapagazi, wapishi na wakata mkonge, mvua ikiwa imekatika.

Mtaniuliza muziki ulikuwaje. Wengine waliokuwepo wangeweza kuwasimulia. Mimi nilitazama tone la gundi. Watu saba wale walianza kwa pamoja, pole, kisha wakaachiana nafasi, mmoja akisema na wengine wakimsubiri, kama wazee wenye adabu kwenye kikao. Fidla ikauliza, baragumu likajibu kutoka mbali. Kila zamu ya sello ilipofika nilishika ukingo wa baraza kwa mikono miwili. Bwana Taratibu aliivuta kwa nguvu, hakuionea huruma, na tone lile lilimeta na kutetemeka na ubao. Nilikuwa nikihesabu pumzi zangu.

Katikati kulikuwa na wimbo wa polepole. Wote walinyamaza isipokuwa sello na klarineti. Sello ilishuka chini kabisa, na Maganga akaingia juu yake na sauti moja ndefu, nyembamba, isiyo na haraka. Alikuwa amefumba macho. Mtu yuleyule aliyeniita nyani. Walizungumza hivyo, yule bwana na yule askari asiyeruhusiwa kula meza moja naye, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Hapo nilisahau tone. Nilisikia machozi yananitoka na sikuyafuta, na nilielewa pia, kwa namna ya kifundi, kosa langu: ngozi hulia kwa kukazwa, lakini ule ubao ulilia kwa kuachwa huru. Haukuhitaji moto wowote. Ulihitaji kuachwa barazani upate hewa, kama nilivyoambiwa.

Ungio lilishika mpaka mwisho. Wageni walipiga makofi. Bruda, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alifumbua mkono wake, nikaona kabari moja ya mbao ndani yake. Aliishika muda wote. Nyuma ya jiko Maganga na wenzake wawili walipewa ugali pamoja na sisi, na mpishi akawaongezea nyama kwa siri.

Nilidhani yameisha. Lakini kabla ya tamasha, kwenye chakula, Bwana Taratibu alikuwa amewasimulia wageni kichekesho cha mtawa aliyeikaanga sello. Wageni wakaipeleka hadithi stesheni, stesheni ikaipeleka mjini, na haikuchukua muda ikapanda mlima na kufika kwa mkuu wa misheni. Fidla zikaacha kuletwa. Fundi wa fidla anayeweka fidla motoni, nani atampa ya kwake? Mkuu akaona Bruda amechoka, akampeleka kwenye kituo cha juu milimani, kwenye baridi, akalime kabeji na viazi na kuwafundisha watu wa kule. Karakana akaniachia mimi.

Nilimfuata mara nyingi, safari ya siku nzima kwa miguu. Nilimkuta na jembe, mikono ileile, hakuna gundi kwenye kucha. Mara ya kwanza nilimwambia, "Bruda, nitakwenda kusema ukweli."

"Bwana yule yuko bado?"

"Yuko."

"Basi subiri." Akanipa kabeji tatu nimpelekee Magdalena.

Nilisubiri. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipokuja, Bwana Taratibu aliondoka na hakurudi. Bruda alikuwa amekwisha kufa kabla ya hapo, kwa homa ya mapafu, na amezikwa kule juu penye bustani yake. Mpaka Bwana Taratibu alipoondoka nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Tangu hapo sina. Nilikuwa na karakana, na wanafunzi, na heshima, na shikamoo nyingi kila asubuhi. Wanafunzi wangu wakaokota hadithi mjini, wakaifanya msemo, na mimi nikawasikia, nikainamisha kichwa juu ya randa.

Mtu mmoja tu alinilipisha. Maganga aliacha uaskari, akaoa Morogoro, akabaki. Kila tulipokutana sokoni, mbele ya watu, alinyoosha mikono yake kana kwamba anaota moto na kusema, "Mluguru, imekauka?" Watu walicheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilijua.

Siku ile mliyoniaga, mlimkaribisha naye, mzee sasa, ana fimbo. Mnakumbuka alisimama. Akasimulia yote, neno kwa neno: sello, makaa, vidole vyangu vikigonga ubao, Bruda akisema "Mimi." Ninyi mlicheka mpaka mkashika matumbo. Padre alifuta macho. Mmoja wenu akasema, "Mzee Maganga, ninyi watani hamna mpaka, hata kosa la Bruda mnambebesha mtani wenu!" Maganga alinitazama akingoja. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikacheka pamoja nanyi.

Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Magdalena akaniuliza nini kimenipata, nikamweleza kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Aliiondoa sahani yangu. Kisha akasema, "Zile kabeji tatu. Na nilizila."

Kwa hiyo someni vizuri. Hakuna utani katika daftari hili. Aliyeiweka sello motoni ni mimi, Vitalis, baada ya kukatazwa na fundi wangu na kuonywa na mtani wangu. Bruda Anselmi hakuharibu chombo hata kimoja maishani mwake. Alitengeneza nilichoharibu, kisha akalima.

Ombi langu ni dogo. Kesho mtu akipinda ubao, mwambieni, "Huo ni moto wa Vitalis." Jumapili baada ya misa nitapita karakanani, nataka niusikie kwa masikio yangu. Bruda aliweka jina lake mahali pa mgongo wangu. Mgongo huu umezeeka bila kovu. Jina lake mrudishieni.